Maji Yale Yalikuwa Yangu: Kioo Chenye Jasho Kwenye Baridi ya Makete

Ilikuwa mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye kona ya mlimani upande wa Makete, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Nimekaa ndani ya eskaveta ya tani 22, nimevaa sweta mbili na koti la mvua juu yake, madirisha yote nimefunga, na mbele yangu sioni kitu. Ukungu wa nje ulikuwepo, ila huo nilishauzoea. Huu mwingine ulikuwa kwenye kioo, upande wangu, mweupe kama kioo kimepakwa uji. Nilikuwa nimefuta kijitundu kwa kiganja, ukubwa wa kisahani cha chai, na kwa kijitundu hicho nikawa napakia moramu.

Tipa ya pili ilikuja kusimama kulia kwangu kwa sababu kushoto kulikuwa na bonde. Kila opereta anajua kwamba kulia ndiko bumu, ule mkono mkubwa wa mtambo, linakoziba macho hata siku ya jua kali. Nikainua baketi, nikazungusha, nikangoja bodi ya tipa itokeze kwenye kijitundu changu. Haikutokeza. Niliisikia kabla ya kuiona: mlio wa chuma kwa chuma, halafu mtambo mzima ukatikisika.

Bodi ilibonyea kama sufuria iliyoangushwa. Dereva alikuwa ameshuka kujisaidia nyuma ya kichaka, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwa sababu kawaida yake ni kusimama ubavuni mwa gari akivuta sigara huku napakia. Alirudi mbio, akaangalia bodi, akaniangalia mimi, akasema, "Kaka, leo ungeniua." Hakupaza sauti. Angepaza ningejisikia nafuu.

Ofisi ilinikata shilingi 350,000 kwa miezi mitatu. Nilisaini bila ubishi. Nilichokibishia moyoni ni maneno yaliyoandikwa kwenye fomu: "uzembe wa opereta". Nikajiambia si uzembe, ni baridi. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba baridi ilikuwa na fungu lake, mtambo ulikuwa na fungu lake, na langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka kukubali.

Mimi ni mtu wa Tanga. Udereva wa mitambo nimejifunzia Dar, nikafanya Lindi na Mtwara, kote huko ni joto. Kioo kutoa jasho nilikijua, ila lile la kwetu linatokea nje. Usiku wa mwezi wa pili Dar, hewa nzito ya bahari, wewe ndani umefungulia kiyoyozi mpaka mwisho, kioo kinapoa, na mvuke wa nje unakuja kujibandika juu yake. Dawa yake kila mtu anaijua: piga waipa, punguza kiyoyozi, basi. Kwa hiyo nilipofika Makete na kukuta kioo kimejaa maji, mkono ulienda wenyewe kwenye swichi na kuzima kiyoyozi. Nani anawasha kiyoyozi kwenye baridi ya kung'ata meno? Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na nililirudia kila asubuhi karibu mwezi mzima nikidhani nafanya la maana.

Kosa la pili lilikuwa kujifungia. Nilikuta mlango una mwanya, nikaujaza vipande vya godoro. Nikabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ile ile ya ndani ili baridi isiingie. Asubuhi nikipanda, koti lina maji ya mvua, buti zina tope, na chupa ya chai naifungua juu ya mapaja, mvuke unapanda mpaka kwenye paa. Nikimaliza chai kioo kimeshafunga. Nachukua tambara lililo karibu, ambalo ndilo kijana wangu wa grisi alilifutia mikono jana, nasugua. Kioo kinakuwa wazi nusu dakika, halafu ukungu unarudi na michirizi ya mafuta juu yake, na jua likichomoza usoni ile michirizi inawaka kama moto, huoni kabisa.

Nikaanza kuuliza watu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, maana kila mtu ana dawa.

Mmoja aliniambia niweke bakuli la chumvi ndani, eti chumvi inakunywa unyevu. Ni kweli inakunywa, na huko juu hewa ina unyevu wa kutosha kuigeuza chumvi kuwa maji. Siku ya tatu lile bakuli lilikuwa na mchuzi wa chumvi. Nikapanda mteremko, likapinduka nyuma ya kiti. Nililifuta juu juu nikasahau. Nyuma ya kiti ndipo lilipo boksi la fyuzi. Kumbuka hapo, nitarudi.

Mwenzangu wa mtambo wa kushindilia alikuwa na njia yake. Asubuhi za sakitu, kule kwenye nyasi unakuta pameupe kama pamemwagwa unga, kioo chake kilikuwa kinaganda upande wa nje. Akachukua birika la maji ya moto jikoni kwa mama lishe akamimina juu ya kioo. Kilipasuka kutoka pembe hii mpaka pembe ile, kwa mlio mdogo tu, kama mtu amevunja kijiti. Alifanya kazi wiki mbili na kioo kilichobandikwa selotepu. Maji ya vuguvugu nayo siyapendi, yanabaki kwenye mpira wa kioo na kuganda tena. Sakitu ikwangue kwa kitu cha plastiki, hata kipande cha ndoo kitafaa, na injini iwe inanguruma tayari.

Sasa la jiko. Hili nalisema kwa aibu, ila nalisema kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani analiwaza.

Huko Makete nyumba nyingi zina jiko la mkaa ndani wakati wa baridi, watu wanaota moto. Nikaona kama nyumba inapata joto, kabini itashindwaje? Nikachukua jiko dogo, nikasubiri mkaa ushike vizuri usiwe na moshi, nikaliweka kwenye sakafu kando ya pedali kabla ya kazi kuanza. Milango nimefunga. Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Kioo kilianza kuwa wazi kidogo kwa chini. Halafu kichwa kikaanza kugonga. Nikadhani ni baridi. Nikahisi usingizi, usingizi mzuri kabisa, na mikono mizito kama imefungwa mawe. Sijui ningeamka saa ngapi, au kama ningeamka.

Aliyefungua mlango alikuwa mzee wa greda. Alikuwa anapita kwenda kwenye mtambo wake, akaona mwanga mwekundu chini ya miguu yangu. Alinivuta kwa ukosi wa koti mpaka chini, akalitupa jiko kwenye mtaro, akanikalisha kwenye jiwe. Nilitapika. Alipoona nimepata nguvu ya kuinua kichwa, aliniuliza, "Kijana, una watoto?"

"Wawili, mzee."

"Basi usinirudie mchezo huu."

Mkaa uliokolea hauna moshi wala harufu mbaya, ndiyo maana unadanganya. Hewa yake yenye sumu, kaboni monoksidi, huioni na huinusi, na kabini ni ndogo kuliko choo cha shimo. Jiko la gesi au la mafuta ya taa nalo usijaribu. Mbali na hiyo sumu, mafuta ya taa yakiungua yanatoa maji: kilo moja ya mafuta inazalisha zaidi ya kilo moja ya mvuke. Kwa hiyo unapasha joto huku unamimina maji hewani.

Yule mzee alikuwa ameendesha greda milimani miaka mingi, na tangu siku hiyo akawa ananipitia. Asubuhi iliyofuata alipanda kwenye kabini yangu, akakaa kwenye ngazi, akagusa kioo kwa kidole, akanionyesha kile kidole.

"Maji haya yametoka wapi?"

Nikasema yametoka nje, kwenye ukungu.

"Nje umefunga. Yameingiaje?"

Nikanyamaza.

"Ni yako. Umekuja nayo kwenye koti, kwenye buti, kwenye chai. Mengine unayapumua. Huu ni umande tu, kama ule wa kwenye majani. Umande unatafuta kitu cha baridi ukilalie. Ndani humu kitu cha baridi kuliko vyote ni kioo."

Halafu akafanya kitu ambacho kwangu kilikuwa cha wazimu. Alifungua dirisha la kushoto kiasi cha vidole vinne, na lile la juu ya paa kidogo. Ukungu wa nje ukaonekana ukiingia. Nikasema, "Mzee, si unazidisha?" Akasema tungoje. Baada ya dakika chache kioo kilianza kujifungua kutoka juu.

Baadaye, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua, nilikaa na hesabu. Hewa ya nyuzi 5, hata ikiwa imeshiba ukungu kabisa, inabeba karibu gramu 7 tu za mvuke kwa kila meta moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17. Maana yake ile hewa ya nje inayoonekana imelowa, ukiiingiza ndani ikapata joto, inakuwa kavu yenye kiu, inatafuta maji ya kunywa. Inayanywa kwenye kioo chako, halafu inatoka nayo dirishani. Kabini yangu ina ujazo wa meta tatu hivi. Ikiwa baridi, inashiba kwa gramu 20, vijiko vinne vya chai. Na mtu mzima anapoteza zaidi ya nusu lita ya maji kwa siku kwa kupumua na kupitia ngozi, hata bila kutoka jasho. Nikijifungia asubuhi, saa moja haiishi nimeshaijaza kabini maji mimi mwenyewe, na bado hatujahesabu koti.

Kwa hiyo kazi ni mbili tu: toa maji nje, na pasha kioo joto. Kuzuia baridi isiingie, ambako ndiko nilikokazana nako, hakumo.

Ila kufungua dirisha kulitatua nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya mtambo wenyewe, na hapa ndipo ningependa opereta anayehamishiwa nyanda za juu asome polepole, kwa sababu mitambo yetu mingi inatoka Dar na inakuja na magonjwa ya Dar ambayo kule hayaumi.

Hita yangu ilikuwa inapuliza baridi. Siku zote nilidhani haina nguvu. Mzee alinishika mkono tukafungua boneti, akaniambia nifuate zile hozi mbili zinazotoka kwenye injini kwenda kabini. Nikazifuata. Hazikufika kabini. Zilikuwa zimeunganishwa moja kwa nyingine kwa kipande cha bomba na klipu mbili, maji ya moto yanatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini. Fundi fulani, miaka iliyopita, alikuta rejeta ndogo ya hita inavuja, na badala ya kuibadilisha akaikata kwenye mzunguko. Dar nani atalalamika? Simlaumu sana. Lakini hakuna aliyeandika popote, na mtambo ukapandishwa kwenye lobedi, lile trela la kubebea mitambo, mpaka Makete hivyo hivyo.

Mitambo mingine haijakatwa, ina koki tu kwenye hozi hiyo, na koki imefungwa. Angalia hilo kabla ya kununua chochote. Injini ikishapata moto, shika hozi zote mbili kwa uangalifu: zote zikiwa za moto, maji yanapita, moja ya moto na nyingine baridi, kuna kuziba au koki imefungwa.

Kuipata rejeta ya hita kulichukua siku kumi na moja. Ofisi ilisema si kipuri cha lazima. Niliwajibu kwa karatasi, nikaambatanisha picha ya kioo ilivyokuwa saa moja asubuhi na picha ya tipa iliyobonyea. Walinunua iliyotumika kutoka Dar, ikaja kwa basi, shilingi 280,000 pamoja na ufundi. Ningeshauri yeyote asibishane kwa mdomo na ofisi kuhusu kioo. Piga picha ukiwa umekaa kwenye kiti, ili anayeamua aone unachokiona wewe.

Ukishakuwa na hita inayofanya kazi, jua pia dalili za inayovuja, maana inafanana sana na jasho la kawaida. Kioo kinapata utando wa kunata, ukiufuta unarudi na unahisi kama mafuta. Ndani kunanuka utamu fulani, kama sharubati iliyochacha. Sakafu upande mmoja ina majimaji na kulanti, maji ya kupozea injini, inapungua kwenye rejeta kubwa bila sababu. Ukiona hayo, dirisha halitasaidia. Ita fundi.

Halafu kiyoyozi. Hapa nilimbishia mzee waziwazi. Alisema washa hita na kiyoyozi kwa pamoja. Nikaona amezeeka. Lakini kiyoyozi, kabla ya kuwa mashine ya baridi, ni mashine ya kukamua hewa. Hewa inapita kwenye mabomba yake ya baridi, mvuke unageuka maji humo na kudondoka kupitia mpira mdogo unaotokea chini ya kabini. Hewa iliyokamuliwa ndiyo inakwenda kwenye hita kupashwa joto, halafu kwenye kioo. Hakuna kinachokausha kioo haraka kama hiyo. Kasoro yake ni kwamba asubuhi za sakitu kompresa inaweza kukataa kuwaka, inajilinda isigande. Hapo unategemea hita na dirisha mpaka jua lipande.

Na ule mpira mdogo wa kutolea maji, nenda kautafute leo. Wangu ulikuwa umezibwa na tope kavu, gumu kama simenti, pengine tangu Mtwara. Maji yote ambayo kiyoyozi kilikuwa kinakamua yalikuwa yanabaki kwenye beseni lake ndani, nikipinda kona nasikia chubwi chubwi chini ya kiti, nikidhani ni chupa ya maji imeanguka. Nilipochokonoa kwa waya, yalitoka maji meusi yenye harufu ya soksi, kama lita mbili. Filta ya hewa ya kabini nayo ilikuwa imejaa vumbi la njiani mpaka feni inalia bila kupuliza. Niliipiga kwa kompresa ikasaidia siku mbili, ikanibidi ninunue mpya. Filta iliyolowa haisafishiki, inatupwa.

Kusafisha kioo nako kuna namna yake. Umande unapenda uchafu. Kila chembe ya vumbi na kila alama ya kidole ni kiti cha tone. Nilianza kuosha kioo kwa ndani kila Jumamosi kwa maji ya sabuni ya vyombo, nasuuza, nakausha kwa gazeti, na lile tambara la grisi nikalipiga marufuku kabini. Watu wengine wanapaka sabuni ya maji kidogo sana na kuisugua mpaka ipotee, na ni kweli inasaidia, maji yanatandaa badala ya kusimama matone matone, unaona. Lakini ni ya asubuhi moja au mbili. Usitumie dizeli wala mafuta ya taa kusafisha kioo, hata kama ndiyo yaliyo karibu.

Nilisema nitarudi kwenye boksi la fyuzi.

Mwezi wa nane mwishoni, kioo kikiwa tayari kimepona na mimi nimeanza kujisifu, mtambo ulianza kuzima wenyewe. Unachimba vizuri, ghafla mzunguko wa injini unashuka, skrini inaonyesha namba za hitilafu, unazima, unawasha, unaendelea. Kesho yake mara tatu. Kesho kutwa ukakataa kabisa. Fundi umeme alitoka Mbeya. Alitoa kiti, akainua kapeti ya mpira, na chini yake sponji ilikuwa imelowa kama imetolewa ndooni. Maji yote yaliyochuruzika kwenye vioo kwa wiki zote zile yalikwenda huko na kukaa. Soketi za nyaya zilikuwa na kutu ya kijani, na upande mmoja wa boksi, pale chumvi yangu ilipomwagikia, shaba ilikuwa imeliwa mpaka inakatika kwa kucha.

Aliniuliza hapa palimwagika nini. Nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

Mtambo ulisimama siku tatu. Fundi na nauli yake, soketi mpya na waya, vilifika 620,000. Safari hii sikukatwa, ila niliitwa ofisini na kuelezwa maneno ambayo siyaandiki. Kwa hiyo ukishakuwa na kioo kinachotoa jasho kwa muda, usidhani kukausha kioo ndiyo mwisho. Inua kapeti. Sponji ya chini itoe nje iote jua siku nzima, hata mbili. Soketi za nyuma ya kiti zifunguliwe, zipulizwe, zipakwe ile grisi maalumu ya umeme, siyo grisi ya pini za baketi.

Kuna jambo la kutofautisha ambalo lilinichanganya: jasho na kuvuja. Jasho linatanda, linakuja kwenye kioo chote na kwenye vyuma vya baridi, na linakuja hata siku isiyo na mvua. Maji ya kuvuja yana njia. Yanaanza mahali pamoja na kuacha mstari. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Mpira wa mlango ulikuwa umekatika juu karibu na bawaba, na vile vipande vyangu vya godoro vilikuwa vinanyonya mvua na kuitunza. Nilivitoa, nikaweka mpira mpya, wa meta tatu, na gundi.

Mahali pa kuegesha pia niliwahi kupadharau. Usiku wa mawingu ni rafiki. Usiku wa nyota nyingi, ule ambao mtu wa Tanga anatoka nje kushangaa mbingu, ndio unaoua vioo: joto la paa na la kioo linapotelea angani, na vinakuwa baridi kuliko hata hewa yenyewe. Nikawa naegesha chini ya mipaina pale tulipoweza, umbali wa kutosha matawi yakianguka yasipige kabini, na uso wa mtambo nautazamisha mashariki. Jua la saa moja na nusu linafanya kazi ambayo hita inaifanya kwa dakika ishirini, na halichomi dizeli. Wakati fulani nilifunika kabini yote kwa turubai mpaka chini kwenye minyororo. Unyevu wa ardhini ukapanda na kufungiwa humo, asubuhi nikakuta mabwawa. Funika paa na kioo cha mbele tu, pembeni acha hewa ipite.

Jioni, dakika kumi kabla ya kuzima, nazima hita na kufungua milango yote miwili ya hewa, dirisha la pembeni na la paa, ile hewa ya joto iliyojaa pumzi zangu itoke kabla kioo hakijapoa. Hiki ni kitu kidogo ambacho nisingekibuni mwenyewe. Kila kiungo cha mwili kinakuambia ujifungie na joto lako mpaka dakika ya mwisho. Koti lililolowa haliingii kabini tena, linaning'inia kwenye reli ya nje, au linakwenda na mimi kambini. Buti nazipiga tope kwenye ngazi. Chai nakunywa chini, na mzee wa greda. Na tangi la dizeli nalijaza jioni badala ya asubuhi, kwa sababu tangi tupu ni kabini nyingine: hewa yake inapoa usiku, inatoa umande kwenye kuta za chuma, na maji yanashuka chini kwenye mafuta.

Asubuhi, injini ikiwa bado imezimwa, naangalia oili na kutoa maji kwenye chujio la dizeli, halafu nawasha na kushuka. Silazimishi. Zamani nilikuwa napasha injini nikiwa nimekaa ndani nimejikunyata, napumua kwenye kioo cha baridi. Sasa nazunguka mtambo, naangalia pini na hozi, na injini inapata moto bila mimi kuwa humo. Nikipanda, feni iko namba ya juu, hewa ya kutoka nje, mdomo wa hewa umeelekezwa kwenye kioo na siyo kwenye miguu yangu inayolia. Miguu ni ya mwisho. Na nisipoona kulia, sizungushi. Nilimwambia msimamizi hivyo mbele ya watu: tipa ya kwanza itapakiwa nikishaona kioo cha kulia, iwe saa moja iwe saa mbili. Aliangalia saa yake, akaangalia lile tipa lenye bodi iliyobonyea, akaondoka.

Nina rafiki tuliyejifunza naye mitambo, yuko Oman upande wa Sohar. Nilipomsimulia alicheka, kwa sababu kwao ni kinyume: mwezi wa saba ule ule, usiku, yeye anapambana na maji ya nje ya kioo, na dawa yake ni kupunguza kiyoyozi, ile ile ya Dar. Niliposema mimi nakiwasha kwenye baridi, alidhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia agundue kwanza maji yako upande gani wa kioo, halafu ndiyo aguse swichi.

Makato yaliisha mwezi wa kumi. Mwezi huo huo kuliletwa opereta mpya kutoka Dar, kijana, ameletewa mtambo mwingine. Siku ya kwanza nilimkuta saa kumi na mbili amejifungia ndani, kioo cheupe, anasugua kwa kofia. Niligonga mlango. Alipofungua, ile hewa ya moto yenye harufu ya chai ilinipiga usoni. Nikamwambia, "Shuka kwanza, mdogo wangu, tuangalie hozi zako."

Zilikuwa zimeunganishwa moja kwa nyingine, kwa kipande cha bomba na klipu mbili.